Butembo: Mwalimu aliyekatazwa sukari na vikombe vyake vya chai

Butembo ni mji wenye baridi ya asubuhi, na asubuhi bila chai wakaaji wengi hawaihesabu. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mbabula zinawaka mbele ya nyumba, maji yanachemka, majani yanaingia, na sukari inafuata ndani ya sufuria ile ile. Chai inamiminwa ndani ya termosi ikiwa imeisha kukolezwa. Mgeni akifika saa yoyote, anapewa hiyo. Kumpa mgeni chai isiyo tamu ni kama kumwambia kwamba nyumbani mambo yamekauka.

Katika nyumba moja ya komine ya Kimemi, desturi hiyo ilibidi ivunjike. Baba wa nyumba, mwalimu aliyefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 30 na sasa yuko nyumbani, alienda kituo cha afya kwa sababu ya kiu isiyokwisha na miguu iliyokufa ganzi. Alirudi na karatasi ya vipimo, vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, na neno moja la munganga: diabeti. Kati ya mambo aliyoambiwa aache, pombe haikumsumbua kwa kuwa hainywi. Chai yenye sukari ndiyo iliyomsumbua.

Binti yake, anayesomea uuguzi, alikaa naye mezani wakapiga hesabu. Mwalimu alikuwa anakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vinne vya sukari. Hivyo ni vijiko 16. Kijiko kidogo cha chai kinabeba gramu 4 hivi, kwa hiyo jumla ni gramu 64 kabla mtu hajagusa mkate wala fanta. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri mtu mzima abaki chini ya asilimia 10 ya nguvu za chakula chake kutoka sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa siku. Huo ni ushauri kwa mtu mzima wa afya. Mwalimu hakuwa tena katika kundi hilo.

Juma la kwanza walifanya kama wengi wanavyofanya: waliondoa sukari yote mara moja. Mwalimu alikunywa siku mbili, siku ya tatu akaacha kikombe kikapoa mezani. Baadaye mama jirani, ambaye anauza chai na mandazi kando ya barabara, alimwambia mama wa nyumba kwa sauti ya chini: "Mama, nisikufiche. Papa anapita kwangu kila asubuhi. Anasema nimtilie sukari kama zamani."

Mama wa nyumba hakupiga kelele. Alimwita binti, akasema mtu hawezi kukatazwa kitu anachokipenda kwa miaka 60 kisha apewe maji ya kuosha sufuria. Kama chai itabaki bila sukari, basi itafutiwe ladha nyingine. Hapo ndipo kazi ya kuonja ilipoanza, na ilichukua karibu mwezi mzima.

Kuonja kwa utaratibu

Mwalimu alikubali kwa sharti moja: kazi ifanywe vizuri, kama mtihani. Walichagua majani ya aina moja tu, yale ya Butuhe, kwa sababu yanatoka hapa karibu na mji na kila duka linayauza. Sufuria ilikuwa moja, vikombe vilikuwa vya ukubwa mmoja. Kitu kimoja tu kilibadilika kila mara, nacho ni kile kilichotiwa pamoja na majani. Binti ndiye aliyepika na kuandika. Chini ya kila kikombe alibandika karatasi yenye namba. Waonjaji walikuwa mwalimu, mke wake, kijana wao wa sekondari na mama jirani, ambaye waliona ni haki awepo kwa kuwa siri ilitoka kwake. Kila mmoja alipewa punje tano za maharage. Chai ikimpendeza sana, anaweka zote tano katika sahani. Ikimchukiza, anaweka moja au anabaki nazo mkononi. Walionja saa kumi alasiri, vikombe vitatu tu kwa siku, maana ulimi unachoka, na kati ya kikombe na kikombe walisukutua maji.

Wataalamu wa chai wana utaratibu wao unaofanana na huo. Kipimo kinachojulikana duniani kwa jina la ISO 3103 kinataka gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, na dakika 6 za kusubiri, ili chai zote zilinganishwe kwa haki. Wanunuzi wa mnada wa Mombasa, ambako chai ya nchi nyingi za Afrika Mashariki na ya Congo inauzwa, wanaonja vikombe vingi mfululizo: wanavuta chai kwa kijiko na kelele kubwa ili hewa iingie, kisha wanatema. Kijana alijaribu kuvuta namna hiyo, akakemewa na mama yake, lakini binti alisema ni sawa, harufu inapanda puani.

Kabla ya ladha yoyote, waligundua jambo juu ya chai yenyewe. Kwa miaka yote majani yalichemshwa juu ya makala robo saa na zaidi, mpaka rangi ikawa kama ya udongo. Sukari ndiyo iliyokuwa inaficha matokeo. Majani yakipikwa muda mrefu yanatoa tanini nyingi, na tanini ndizo zinazoleta ule ukakasi unaokausha ulimi na ufizi. Binti alijaribu namna nyingine: maji yachemke vizuri, sufuria iondolewe motoni, majani yatiwe, kifuniko kifungwe, dakika tano, kisha chujio. Chai ilitoka nyekundu, na ukali wake ulikuwa umepungua sana.

Kifuniko kina maana zaidi hapa kuliko mahali pengine. Butembo iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kati ya digrii 94 na 95, si 100. Maji hayo yanapoa haraka katika hewa ya baridi. Sufuria ikiachwa wazi, majani hayaivi, na mama wa nyumba anarudisha moto bila kujua kwamba ndipo uchungu unapoanza. Kwa kifuniko na kitambaa juu yake, dakika tano zilitosha.

Kikombe kwa kikombe

Sitroneli ilikuwa ya kwanza, kwa sababu haina bei. Inamea kwenye ukingo wa kila uwanja na watu wanaipanda pia ili ishike udongo kwenye mteremko. Walijaribu majani ya juu yaliyokatwakatwa na shina jeupe la chini lililopondwa kwa jiwe. Shina lilishinda: harufu yake kama ya limau ilikuwa nzito na ilibaki hadi mwisho wa kikombe. Lakini ndani ya majani ya chai ilipotea kidogo. Ilipopikwa peke yake, bila chai, ilipata maharage zaidi. Mwalimu aliipenda kwa usiku, kwa kuwa haina kafeini na haimnyimi usingizi.

Tangawizi ilimpendeza kijana na mama jirani. Tangawizi mbichi iliyokatwa vipande vyembamba inatoa harufu safi na joto la polepole. Ile iliyokauka na kusagwa inauma zaidi kooni, kwa sababu ikikauka sehemu ya ukali wake inageuka kuwa mkali zaidi. Mwalimu alisema inamfanya asahau kutafuta sukari kwa sababu ulimi una kazi nyingine. Mke wake alisema inafaa asubuhi ya mvua, si kila siku.

Limau iligawa nyumba. Matone machache yalibadilisha rangi ya chai mbele ya macho, kutoka nyekundu nzito hadi ya dhahabu, jambo linalotokana na uchachu wake. Bila sukari, uchachu juu ya ukakasi ulikuwa mzigo kwa mwalimu. Alibakiza maharage manne mkononi. Tena walikumbuka kwa hasara kwamba limau na maziwa havikai pamoja: kijana aliyeongeza maziwa alipata mabonge.

Maziwa peke yake yalisaidia. Protini za maziwa zinashikana na tanini, na ule ukakasi unapungua. Ila binti alimkumbusha baba yake kwamba maziwa yana sukari yake ya asili, kwa hiyo yawe kidogo na yahesabiwe.

Viungo vilivyokauka walivinunua katika maduka ya katikati ya mji, ambako wafanyabiashara wa Butembo wanaleta bidhaa kutoka mbali. Karafuu ilihitaji mkono mwepesi. Punje moja katika nusu lita ilitosha; walipotia tatu, mama wa nyumba alisema anasikia harufu ya chumba cha munganga wa meno, na hakukosea, kwa kuwa mafuta ya karafuu yanatumika kwenye dawa za meno. Iliki, ikipondwa na ganda lake, ilipendwa kuliko karafuu. Mdalasini ndio ulioshangaza: kijiti kimoja kilichochemshwa dakika kumi kabla ya kutia majani kilifanya chai ionekane tamu, ingawa haikuwa na hata chembe ya sukari. Mama jirani alimshuku binti kwamba ametilia kwa siri. Alionyeshwa kikopo cha sukari, bado kimefungwa.

Ndugu mmoja anayefanya kazi mpakani Kasindi alituma majani ya mujaja, ambayo upande wa Uganda watu wengi wanayatia katika chai. Harufu yake iko kati ya karafuu na mnanaa. Mwalimu alisema inamkumbusha dawa za utotoni, akaweka punje mbili. Vijana waliipa zaidi.

Kulikuwa pia na vifuko vya chai ya kiwandani vyenye picha za matunda, vilivyonunuliwa dukani kwa hamu kubwa. Harufu ilijaa nyumba wakati kisanduku kilipofunguliwa. Ndani ya kikombe ilibaki kidogo sana. Waliposoma maandishi madogo ubavuni waliona ladha iliyoongezwa na vipande vichache vya matunda. Kwa bei ya kisanduku hicho, mama wa nyumba alisema, angepata tangawizi na mdalasini wa mwezi mzima.

Vanila kutoka shambani

Kikombe cha mwisho kililetwa na mjomba. Yeye ni mkulima upande wa Beni, na kwa miaka anapanda vanila. Kila ua la vanila anaulifunga kwa mkono wake, kwa kijiti kidogo, asubuhi linapofunguka, kwa sababu likifika mchana limekwisha kunyauka. Namna hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa mwenye miaka 12, na mpaka leo wakulima wa vanila duniani wanafanya vile vile. Baada ya ua, ganda linasubiri miezi karibu tisa juu ya mti. Likichumwa halina harufu. Inabaki kulitia katika maji moto, kulifunika litoe jasho, kulianika na kulipumzisha kwa miezi.

Mjomba alijua yote hayo. Kitu ambacho hakukijua ni ladha yake. Vanila inauzwa kwa uzito, kwa dolari, na kila ganda zima linaenda kwa mnunuzi ili lisafiri nje ya nchi. Tangu 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafanya wakulima wengi waogope kufika mashambani au wayaache kabisa, na wanaoendelea hawana ganda la kuchezea. Yeye alileta maganda mawili yaliyopasuka, ambayo mnunuzi aliyakataa.

Binti alipasua nusu ya ganda kwa kisu, akakwangua mbegu zake nyeusi, akavitia vyote pamoja na majani. Mjomba alipewa kikombe kama muonjaji wa tano. Alikunywa kimya, akanusa, akanywa tena. Kisha akasema: "Kumbe ndiyo hii tunayoilinda usiku."

Mwalimu aliweka punje zote tano, na mke wake naye. Kijana alitaka kujua kama utamu ni wa kweli. Alibana pua akanywa, akasema ni chai tu. Alipoachia pua, vanila ikarudi. Binti alimweleza kwamba ulimi unajua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ladha ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha yanapita puani. Vanila na mdalasini havina sukari ya maana ndani ya kikombe. Kichwa kimezoea kukutana na harufu hizo ndani ya keki na biskuti, kwa hiyo kinasikia utamu. Kwa mtu aliyekatazwa sukari, kosa hilo la kichwa ni zawadi.

Lakini vanila si chai ya kila siku kwa nyumba ya mwalimu. Walitumia ganda lile lile mara tatu, wakilianika kila mara, mpaka harufu ikaisha. Chai ya kila siku waliyoichagua ni ya majani machache, mdalasini na shina la sitroneli. Tangawizi siku za mvua. Sitroneli peke yake usiku.

Kupunguza kidogo kidogo

Hata baada ya kupata ladha, mwalimu hakuruka kutoka vijiko vinne hadi sifuri. Walikubaliana kijiko nusu kipungue kila baada ya siku nne. Alipofika kijiko kimoja alilalamika. Alipofika nusu hakusema kitu. Mwishoni, siku aliyopewa kwa makosa kikombe cha mgeni chenye vijiko vitatu, alikirudisha akisema kimemshika koo. Ulimi unajifunza, kama mwanafunzi mzito, ukipewa muda.

Watu walipoanza kusikia, ushauri ulimiminika. Mmoja alisema asali ni salama kwa mgonjwa wa sukari. Si hivyo: asali inapandisha sukari ya damu pia. Mwingine alisema mdalasini unaponya diabeti, kwa hiyo vidonge viachwe. Munganga alipoulizwa alikataa kabisa: chai hii inasaidia kwa sababu imeondoa sukari, si kwa sababu imekuwa dawa. Mwingine alileta atemisia kavu ya kunywa dhidi ya malaria. Ilikuwa chungu kupita zote, na binti alieleza kwamba Shirika la Afya Ulimwenguni halikubali mmea huo utumiwe kama chai kwa kukinga au kutibu malaria. Mwenye homa aende kupimwa.

Jambo moja lilimgusa mtu ambaye hakuwa hata mezani. Mke wa kijana wao mkubwa ana mimba, na kwenye kituo cha afya aliambiwa damu ni kidogo. Yeye alikuwa anakunywa chai nzito pamoja na sombe na maharage kila mchana. Tanini za chai zinazuia madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharage yasiingie vizuri mwilini. Sasa anakula kwanza, na chai inakuja saa moja au mbili baadaye. Limau ambalo mwalimu alilikataa limepata kazi kwa huyu mama: linakamuliwa juu ya mboga, kwa sababu vitamini C yake inasaidia chuma kuingia.

Mwalimu alirudi kupimwa baada ya miezi mitatu, na namba zilikuwa zimeshuka. Munganga alitaja vidonge, matembezi ya asubuhi na sukari iliyopungua, vyote pamoja, na akamwambia aendelee na vyote. Hakuna aliyejaribu kusema ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi.

Gumu lilikuwa kwa wageni. Dada wa mwalimu alikuja siku ya Pili ya Pasaka, akanywa, akaweka kikombe chini. "Kaka, mumekuwa maskini mpaka sukari?" Mama wa nyumba alisogeza kikopo na kijiko mbele yake. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa zaidi yaliyofanywa katika nyumba hii, na hayakugharimu hata franga moja: sukari imetoka ndani ya termosi ikaja mezani. Anayetaka anachota mwenyewe, na kila mtu anaona vijiko vyake. Dada alichota vinne siku hiyo. Alipokuja tena alichota viwili, akauliza kama mdalasini bado upo.

Mama jirani naye alifanya hesabu yake kama mfanyabiashara. Sukari ndiyo iliyokuwa inakula faida yake. Kwenye meza yake ya barabarani sasa kuna termosi mbili, ya pili ikiwa na kitambaa cha kijani kwenye mkono. Ndani yake kuna tangawizi na sitroneli bila sukari, na kikopo kiko pembeni. Wateja wa termosi hiyo ni wachache: dereva mmoja wa pikipiki, wamama wawili wanaouza viazi, na mwalimu, ambaye anapita kila asubuhi kama zamani, na siku hizi anapita waziwazi.